Hatua za Miguu ya Nani

Miguu yangu ni mirefu kuliko ilivyohitajika katika kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nilipokuwa chuo kikuu ilichomoza nje ya kitanda cha bweni kama mzigo uliozidi. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari mjini Korogwe iligonga meza kila niliposimama kwa haraka, na wanafunzi wakajua kwamba mwalimu amekasirika kwa kusikia goti kabla ya kusikia sauti. Lakini haikuwahi kumdhuru mtu mpaka nilipofikisha miaka arobaini na saba, nikiwa nimeajiriwa mahususi ili nizuie watu wasidhurike.

Kazi yenyewe ilikuwa ya bomba la mafuta, lililofukiwa ardhini likivuka mashamba ya Handeni na Korogwe kuelekea pwani. Mkandarasi aliyepewa jukumu la kulilinda alitaka mtu wa kuzungumza na wananchi, na alipoona katika maombi yangu kwamba nimesoma falsafa na elimu ya jamii, alidhani amempata. Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilipewa kofia ngumu, fulana ya kung'aa, pikipiki, na cheo kirefu ambacho wananchi walikifupisha siku ile ile ya kwanza wakaniita Bwana Bomba. Vijana wa bodaboda waliponipungia mkono na kupaza sauti, “Bomba!”, niliamini kwa karibu mwezi mzima kwamba wananisifu kwa lugha yao ya mjini, kwa maana kwamba mimi ni mtu safi. Mke wangu ndiye aliyenizindua.

“Wanataja kazi yako,” alisema. “Hata muuza mkaa wanamwita Mkaa.”

Juu ya bomba pana ukanda wa ardhi unaoitwa mkuza, mita kumi na tano kila upande wa vigingi vya njano vinavyoonyesha bomba lilipolala. Ndani ya mkuza mtu anaweza kulima mahindi na ufuta, akaishia hapo. Haruhusiwi kujenga, kuchimba choo, kuchoma matofali wala kupanda mti wenye mizizi ya kwenda chini. Sababu zake si siri. Sururu ya mchimba choo haijui bomba ni nini, na moto wa tanuru la matofali haujui mafuta ni nini. Na siku bomba likihitaji kufukuliwa kwa dharura, mashine haziwezi kusubiri mtu ahamishe kitanda.

Nilichojifunza mapema ni kwamba bomba halisogei; watu ndio wanaosogea. Lilipokuwa linafukiwa, upande ule wa Kwaluguru palikuwa mashamba matupu, nyumba moja hapa na nyingine kule. Mashine zikafungua njia, zikaondoka, njia ikabaki. Bodaboda wakaigundua. Likaja genge la nyanya, akaja kinyozi, ikaja mashine ya kusaga, na baada yake vikaja viwanja. Halafu likatokea jambo ambalo hakuna mtaalamu wetu aliyelitabiri: vile vigingi vya njano, vilivyowekwa ili watu wakae mbali, vikawavuta. Mahali ambapo kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu wawili, mstari ulionyooka uliowekwa na wakubwa ni faraja kubwa. Ukijenga ukingoni mwa mkuza hakuna atakayejenga mbele yako milele. Ni kiwanja cha mbele, chenye upepo.

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu hao ukingo uko wapi. Mkutano wa kwanza niliufanya katika darasa la shule ya msingi, na nilitumia neno mkuza mara nyingi kwa utulivu wa msomi. Mwishoni mzee mmoja mkulima alinyoosha mkono.

“Huo mkuza,” alisema, “unakuza nini?”

Darasa lilicheka. Mtu mwenye busara angecheka nao, kisha akajibu kwa sentensi moja. Mimi nilifafanua asili ya neno, nikalinganisha na maneno mengine, nikasogea kwenye historia ya umiliki wa ardhi, na nilipoinua macho nikakuta wanaonisikiliza ni mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakuwa na jinsi, na kuku mmoja aliyeingia kutafuta kivuli.

Nilirudi Korogwe nimejeruhiwa, nikaapa kwamba mkutano wa pili nitasema lugha ya wananchi. Usemi huo, lugha ya wananchi, hupendwa sana na watu wasioijua. Siku ya mkutano sikutaja mkuza. Niliwatoa wote nje ya darasa, nikawapeleka kwenye kigingi kilichokuwa nyuma ya shule, nikasema, “Ndugu zangu, tuache mambo ya mita. Kutoka hapa, hesabuni hatua kumi na tano. Ukimaliza ya kumi na tano, jenga kasri lako.” Kisha nikatembea mwenyewe, kwa miguu yangu hii, nikihesabu kwa sauti, nao wakahesabu pamoja nami kama watoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kumi na tano nilikanyaga ardhi kwa kishindo. Nikapigiwa makofi. Jioni ile niliandika katika taarifa: “Elimu imetolewa kwa lugha nyepesi na imepokelewa vizuri sana.” Neno “sana” niliongeza mwishoni, baada ya kuisoma upya na kujipenda.

Sasa niseme jambo ambalo kila msomaji aliyewahi kukodi shamba ameshaliona, na ambalo mimi, mwenye shahada, sikuliona. Hatua si kipimo kama mita. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, hilo kila mtu analijua. Lakini hatua sabini za nani, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Anayekodisha shamba hutaka lipimwe na mtu mfupi, ili ekari ziwe nyingi. Anayekodi hutaka mrefu. Wakibishana sana hukubaliana juu ya mtu wa tatu, na kijijini pale mtu huyo alikuwepo: mzee mmoja mfupi, mtaratibu, aliyekulia kwenye kambi za mashamba ya mkonge ambako wazee wake walikuja kufanya kazi wakabaki. Alikuwa akipima mashamba ya watu tangu ujana wake. Wenye mashamba walimpenda, na waliokodi walimvumilia kwa sababu hatua zake, japokuwa fupi, zilikuwa sawasawa siku zote. Hazikurefuka kwa tajiri wala kufupika kwa maskini. Walimwita Mpimaji.

Aibu yangu inazidi nikikumbuka nilikozaliwa. Mimi ni mtu wa Dindira, huko juu milimani, ambako hatua ya kupanda na hatua ya kushuka hazijawahi kuwa ndugu. Baba yangu alipima vipande vyake vya chai kwa kamba ya katani yenye mafundo, na mtu aliyemwambia habari za hatua alimtazama kwa huruma. Mtoto wa baba huyo akapanda pikipiki, akashuka bondeni, akawafundisha watu kupima kwa hatua.

Miongoni mwa waliohesabu pamoja nami nyuma ya shule alikuwa mjane mmoja, Mzigua, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Tangu mumewe afariki alikuwa anaishi katika chumba cha uani kwa shemeji yake, na mdogo wake wa kike, naye mjane, alikuwa anaishi vivyo hivyo kwa wakwe wa kijiji kingine. Shamba la marehemu mumewe lilipakana na mkuza, na mpango wake ulijulikana kijiji kizima kwa sababu aliutangaza yeye mwenyewe: atajenga nyumba ya vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha mdogo wake, ili wazee hao wawili waamke asubuhi bila kusubiri mlango wa mtu mwingine ufunguliwe. Matofali aliyafyatua mwenyewe kwa viangazi viwili, akayachoma mbali kabisa na bomba, kama nilivyoelekeza.

Miezi michache baadaye nilipita kukagua mstari, nikaona kuta. Zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, nyekundu, zimenyooka vizuri. Nilisimamisha pikipiki kwa sababu jicho langu, ambalo kwa kawaida halioni kitu, liliona kwamba kigingi kiko karibu mno.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Bwana Bomba! Karibu uone nyumba. Umeona sheria yako nilivyoifuata? Wengine wamekwenda kwa macho tu, mimi nimepima.”

“Alikupimia nani, bibi?”

“Mpimaji. Ningemwita nani mwingine, kinyozi? Nikamwambia, usinionee aibu, pima kumi na tano kamili halafu ongeza moja ya Mungu. Akaongeza.”

Nilitoa tepu kwenye mkoba wa pikipiki. Kutoka kigingi hadi ukuta, pamoja na hatua ya Mungu, ilikuwa mita tisa na nusu. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu, kana kwamba tepu ingenionea huruma kwa kuwa tunafanya kazi ofisi moja. Bibi alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni, akisubiri kusifiwa.

Hapo ilinipasa kusema: bibi, nimekosea, simamisha ujenzi. Nilisema, “Tutalifanyia kazi.”

“Lipi?”

“Hili,” nikasema, nikapanda pikipiki.

Kwa hiyo fundi wake aliendelea kujenga siku mbili zaidi.

Ofisini Korogwe niliandika taarifa. Lugha yetu ina uwezo wa ajabu wa kueleza kosa bila kumpata mkosaji, na siku ile niliutumia wote. “Imebainika,” niliandika, “kwamba mwananchi amejenga ndani ya mkuza kutokana na kukosea vipimo.” Mkuu wangu alikuwa mhandisi, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, na ambaye kwa heshima aliniita Mwalimu. Alisoma, akauliza swali ambalo mhandisi yeyote angeuliza.

“Mwalimu, alikoseaje? Ulisema elimu ilipokelewa vizuri sana.”

“Hawa watu,” nikajibu, “unajua tena.”

Nimewahi kusema maneno mengi ya kijinga maishani, mengine mbele ya hadhara, lakini hayo manne ndiyo yanayonirudia ninapopiga mswaki.

Barua ya kumtaka aondoe jengo niliiandika mimi. Ilikuwa barua nzuri, yenye kumbukumbu namba na aya tatu, na ilimalizika jinsi barua zetu zinavyomalizika. Nikaipeleka mwenyewe, na kwa kuwa miwani ya bibi ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akaniambia nimsomee. Mpimaji alikuwa hapo, amekaa juu ya rundo la matofali, pamoja na majirani wanne watano waliosogea mara tu walipoona bahasha. Nilisoma. Nilipofika mwisho nikapunguza sauti.

“Rudia hapo mwisho,” bibi alisema.

“‘Endapo hutatekeleza agizo hili, hatua kali zitachukuliwa dhidi yako.’”

“Hatua za nani?”

Majirani wakapasuka kwa kicheko. Mama mmoja alishika ukuta. Mpimaji alisubiri kicheko kipungue, akasema kwa utaratibu wake, “Bibi, kama ni zangu, usiwe na wasiwasi. Hazifiki mbali.”

Nilicheka nami, kwa matumaini kwamba kicheko kingenitoa pale. Bibi hakucheka. Alinitazama, akasema jambo kwa Kizigua, na kwa kuwa Kishambaa na Kizigua ni majirani nikaelewa nusu yake, na nusu hiyo haikuwa ya kunisifu. Halafu akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie.

“Mwanangu, nakuuliza. Siku ile nyuma ya shule, ulisema hatua au hukusema?”

“Nilisema.”

“Ulisema za miguu yako?”

“Sikusema.”

“Huyu Mpimaji ndiye anapima kijiji hiki tangu wewe huna meno. Ulisema tusimtumie?”

“Sikusema, bibi.”

“Hapo kwenye barua umesema nani amekosea vipimo?”

Nilitazama barua kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. “Wewe, bibi.”

“Na aliyekosea ni nani?”

Kuna ukimya wa wasomi, ule tunaouita tafakuri, na mara nyingi si chochote ila woga uliovaa miwani. Nilikaa ndani yake kadiri nilivyoweza.

“Mimi,” nikasema.

“Sema majirani wasikie. Wamekusikia siku ya hatua kumi na tano, wakusikie na leo.”

“Ni mimi niliyekosea.”

Mpimaji aliinuka, akajipangusa vumbi. Yeye naye jina lake lilikuwa limeguswa, na hakutaka kuondoka hivi hivi. “Twende tukahesabu wote,” aliniambia. “Mimi na wewe. Bega kwa bega.” Bega langu lilikuwa juu ya kofia yake, lakini nikaelewa. Tulianzia kwenye kigingi, majirani wakihesabu. Ya kumi na tano ilimkuta yeye hatua moja kabla ya ukuta wa bibi, pale pale alipopima mara ya kwanza. Ilinikuta mimi mbali, katikati ya mbaazi. Wakapiga makofi, safari hii kwa ajili yake. Nikatoa tepu nipime zangu, nikitafuta walau ushindi huo mdogo. Mita kumi na nne na kidogo. Hata miguu yangu, niliyoisimamisha mbele ya kijiji kizima kama sheria, haikufika mita kumi na tano.

“Afadhali mimi,” alisema Mpimaji. “Mimi sikuwahi kusema ni mita.”

Nilirudi Korogwe nikaandika taarifa mpya. Ilinichukua mchana mzima kuandika sentensi moja yenye nafsi ya kwanza: “Nilitoa maelekezo yasiyo sahihi.” Mhandisi aliisoma akiwa amesimama. Sikuona hasira usoni pake, na hilo liliniumiza zaidi. Niliona mtu anayetafuta mahali pa kuliweka jambo.

“Mwalimu, kwenye fomu hakuna sehemu ya hii. Chanzo cha uvamizi: mwananchi, mifugo, mafuriko, nyinginezo.”

“Weka nyinginezo.”

Akaweka alama. Ndivyo nilivyoingia katika kumbukumbu za ulinzi wa bomba, baada ya mafuriko.

“Barua ya kwanza naifuta,” alisema. “Nitaandika mimi ya pili, niseme kosa ni la kwetu, na hatashtakiwa wala kutozwa chochote. Lakini nyumba haiwezi kubaki pale, Mwalimu. Unajua haiwezi.”

Nilijua. Ingawa moyo wangu ulitamani sana awe mtu mbaya wa hadithi hii, alikuwa sahihi. Nyumba ikiachwa, wa pili atajenga kwa kuitazama hiyo, na wa tatu kwa kumtazama wa pili, na katika miaka michache tutakuwa na mtaa juu ya bomba. Zaidi ya hayo, wakazi wa nyumba hiyo ya kwanza wangekuwa wazee wawili ambao hawawezi kukimbia. Nilipompelekea bibi barua ya pili aliisikiliza yote, akauliza mvua imekaribia kiasi gani. Kilichomtia hofu kilikuwa hicho. Matofali yalijengwa kwa udongo, si kwa saruji, hivyo yangeweza kubanduliwa na kujengwa upya. Lakini udongo huo ukinyeshewa kabla ya bati kupanda, kuta za viangazi vyake viwili zingelala chini, na mdogo wake angeendelea kulala kwa wakwe.

Nikachukua likizo ya siku kumi. Sisemi hivi ili nisifiwe. Kwanza, likizo ilikuwa haki yangu. Pili, kama kipimo cha msaada ni kazi iliyofanyika, kijiji kingeniomba niirudie ofisi yangu mapema.

Mwenyekiti wa kitongoji alipiga mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na asubuhi walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Kina mama walijipanga mstari kutoka ukuta wa zamani hadi kwenye kiwanja kipya, ng'ambo ya mbaazi, tofali likapita mkono kwa mkono. Kiwanja hicho kipya kilipimwa kwa tepu, mimi nikishika mwanzo na Mpimaji akishika mwisho. Niliingia kwenye mstari nikiwa na shauku. Mstari ulikwama kwangu mara tatu. Mara ya nne nilidondosha tofali juu ya kiatu changu, likavunjika, na mama aliyekuwa kulia kwangu akalitazama kwa uchungu wa mtu anayejua nani alilifyatua.

“Chuo kikuu walikufundisha nini?” fundi aliniuliza kutoka juu ya jukwaa lake.

“Falsafa.”

“Hiyo inashikwa kwa mikono mingapi?”

Nilihamishwa. Nikapewa kisu butu na kazi ya kukwangua udongo mkavu kwenye matofali, nikiwa nimeketi chini pamoja na wakongwe, na hata huko kikongwe mmoja alichukua niliyoyakwangua akayakwangua upya. Kufikia siku ya tatu viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, nami niliyaonyesha kwa kila aliyepita mpaka nikagundua kwamba wanaoyatazama wana viganja vigumu kama kwato, na wanayatazama kwa adabu tu.

Siku ya nne ukuta wa mwisho ulishuka, ukabaki msingi. Ulikuwa wa mawe, mawe makubwa mazuri ambayo mwenye nyumba aliyakusanya kwa muda mrefu kutoka korongoni. Fundi alichukua sururu.

“Sasa tuyatoe haya.”

Nikasikia sauti yangu ikisema, “Hapana.”

Kila mtu aligeuka.

“Hairuhusiwi kuchimba ndani ya mkuza,” nikasema.

“Yameingia kwa kuchimba,” fundi alisema.

“Ndiyo. Na kuyachimba mara ya kwanza lilikuwa kosa langu. Nikiruhusu mara ya pili, sijui mawe ya chini yamekaa vipi, na sururu haitauliza.”

Nilimpigia simu mhandisi pale pale, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuitumia hata kwa mke wangu. Alijibu kwamba kibali cha kuchimba lazima kitoke juu, na huchukua wiki nyingi. Mvua haikuwa na wiki nyingi. Upande wa Dindira mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima.

Bibi alisikiliza maelezo yote akiwa ameketi juu ya jiwe la pembeni la msingi wake. Mara ya kwanza nilipokosea nilimpotezea siku chache za fundi, na mara hii niliposema kweli nilimnyang'anya msingi mzima. Bila mawe ilibidi matofali yenyewe yaingie ardhini kuwa msingi. Fundi alihesabu yaliyosalia, akaondoa yaliyovunjika, yakiwemo yangu, akachora kwa kijiti mchangani.

“Yanatosha chumba kimoja, mama. Na baraza.”

“Kimoja?”

“Kimoja.”

Nilijiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nalitamani tusi hilo, maana mtu akishakutukana deni huonekana limepungua.

“Haya,” akamwambia fundi. “Kiwe kipana.”

Bati lilipanda, na mvua ikaanza siku tatu baadaye. Katika mikutano yetu ya siku hizi hatusemi hatua. Tunakwenda na kamba iliyokatwa mita kumi na tano, kila kitongoji kinabaki na yake, na Mpimaji ndiye mtunzaji wa ile ya kwao, kazi anayoifanya kwa uaminifu huku akilalamika kwamba kamba imemharibia jina. Mhandisi ameandika utaratibu mpya ambao haumtaji mtu. Niliusoma, nikaona mahali ambapo ningekuwa nimetajwa, nikashukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Mdogo wake bibi alihamia masika yalipokwisha. Nilikuwepo kwa bahati tu, nikikagua mstari, nikaitwa kusaidia kuingiza vitanda. Cha kwanza kiliingia. Cha pili tulikiinua mimi na fundi, tukakilaza ubavu, tukakisimamisha, tukakizungusha mlangoni, wazee wawili wakitoa amri zinazopingana. Kiliingia nusu, kikagota kwenye cha kwanza. Fundi alipima kwa macho, akatikisa kichwa.

“Kitoeni nje,” alisema bibi. “Tutalala kimoja. Tulilala kimoja tukiwa wasichana.”

“Wakati ule ulikuwa hukoromi,” alisema mdogo wake.

“Wakati ule ulikuwa unakojoa kitandani, nami sikusema.”

Tukakirudisha nje, tukakiweka barazani dhidi ya ukuta. Kipo hapo hadi leo, kimetandikwa mkeka, na ndicho wanachowakalishia wageni. Nikipita huita “Karibu, mwanangu” kutoka ndani, mmoja au mwingine, sauti zao sasa siwezi kuzitofautisha. Nakaa juu ya kitanda cha mdogo wake, naletewa chai, nainywa.